Kazi ya Jioni Pale Barafu

Mkazi wa Ubungo, Dar es Salaam, anayetaka kukanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, anaanzia karibu na sifuri. Hata apande ngazi za kila ghorofa la Sinza, hata akimbie kila alfajiri, mwili wake utaendelea kuvuta hewa nzito ya Pwani na damu yake haitajua kwamba kuna safari. Kule juu kila pumzi inaleta oksijeni kama nusu ya ile anayoivuta akiwa kituoni Shekilango akisubiri mwendokasi. Mchanganyiko wa hewa ni ule ule, asilimia 21 ya oksijeni huku na huko. Kinachopungua ni mgandamizo, kwa hiyo mtu hujaza kifua na bado kifua kinadai.

Ndiyo maana naandika kuhusu maandalizi. Picha ya watu wamesimama chini ya kibao cha Uhuru kila mtu ameshaiona. Kazi inayowafikisha pale haimo pichani, na mafundi wake, yaani waongozaji, wapishi na wapagazi wa Kilimanjaro, wanaifanya kwa utulivu ambao mimi nimeupenda kuliko mandhari yoyote ya huko juu.

Sehemu ya kazi hiyo hufanyika hapa hapa mjini, na kwangu ilianzia Manzese. Nilikwenda na mwongozaji mmoja wa Marangu ambaye masika, mlima unapokuwa na wageni wachache, hushuka kukaa kwa dada yake Mabibo. Tuliingia sokoni asubuhi, belo zikifunguliwa. Makoti ya baridi kali yanayotoka Ulaya na Marekani hayana wateja wengi Dar es Salaam; huishia pembeni mwa meza, chini ya mashati. Yeye alienda moja kwa moja kwenye rundo hilo. Kila koti la manyoya ya bata alilikunja, akalibana kwapani, akasubiri huku akiongea na muuzaji habari nyingine kabisa, kisha akaliachia. Mengi yalibaki yamesinyaa. Moja liliinuka polepole mpaka likajaa tena, na hapo ndipo alipoanza kulikagua. Alivuta mshono wa bega. Akapitisha kiganja ndani akitafuta mahali ambapo manyoya yamekimbia na kubaki kitambaa kitupu. Halafu akaokota glovu nene kutoka rundo jingine, akanipa.

"Vaa hizi, dada, halafu funga zipu."

Nilivaa, nikahangaika. Kishikio cha zipu kilikuwa kidogo, hakishikiki kwa vidole vilivyovimbishwa na glovu. Akaomba kipande cha kamba kwa muuzaji, akakifunga kwenye kishikio, akanirudishia. Zipu ikapanda kwa mkupuo mmoja. Alinieleza kwamba saa kumi alfajiri, karibu na Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, mtu anayevua glovu ili afunge koti anaweza kupoteza hisia za vidole kabla hajamaliza, na akishapoteza hisia hizo hawezi tena kuvaa glovu yenyewe bila kusaidiwa. Tatizo hilo la mita 5,700 alilimaliza Manzese, kwa kipande cha kamba.

Viatu alikataa kabisa tununue vya mtumba, hata vile vilivyoonekana vipya. Alikipinda kimoja mbele yangu, akakandamiza ukucha kwenye tabaka la kati la soli, na ukucha ukaacha alama. Soli za aina hiyo huzeeka hata zikikaa kabatini. Unyevunyevu wa hewa huzila kutoka ndani, kisha siku moja zinabanduka zote mbili mguuni mwa mtu akiwa katikati ya mawe. Viatu tulinunua dukani, nikaambiwa nivivae kila siku kwa wiki nyingi, sokoni, kazini, mpaka visahau kwamba ni vipya. Nguo za pamba nazo zilipigwa marufuku. Pamba hunywa jasho na kulitunza, na jasho lililotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri humpoza mtu kuliko upepo.

Miguu iliandaliwa kwenye Barabara ya Morogoro. Kutoka Ubungo Maji kwenda Kimara Mwisho njia inapanda, si sana, lakini inatosha kumfundisha mtu kushika mwendo mmoja bila kuhema. Njiani kuna kituo cha mwendokasi kinachoitwa Kibo, jina la kilele chenyewe cha Kilimanjaro, na kila nilipokipita kabla jua halijachomoza niliona fahari ya kitoto. Wenye nafasi ya mwisho wa wiki huenda vilima vya Pugu, au hulala Morogoro na kupanda Bondwa katika Uluguru, zaidi ya mita 2,000, ambako angalau kuna ubaridi na ukungu. Mwongozaji wangu hakujali nilipanda nini. Alijali nilivyoshuka. Siku ya kilele, kwa njia ya Machame, mtu hushuka kutoka Uhuru mpaka kambi ya Mweka, tofauti ya karibu mita 2,800 kwa siku moja, tena akiwa hajalala. Kwa hiyo nilizishuka ngazi za madaraja ya waenda kwa miguu taratibu, goti likiwa limelegea kidogo, mguu wa nyuma ukiubeba mwili mpaka wa mbele utulie. Wapita njia waliharakisha kunipita.

Safari ya basi kutoka Mbezi Luis hadi Moshi haihitaji maneno mengi. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, na ukibahatika jioni wingu linafunguka.

Kuanzia lango la Machame maandalizi yanabadilika. Hapo mwili ndio unaanza kufanya yale ambayo Ubungo uliyashindwa, na kazi ya mwongozaji ni kuupa muda. Hewa ikipungua mtu huanza kupumua kwa kasi zaidi, hata usingizini, na kwa kupumua hivyo anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kawaida. Damu inaelemea upande mmoja, na figo zinachukua siku kadhaa kuirudisha sawa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo mtu hunywa maji mengi, na kwenda haja mara kwa mara ni dalili kwamba kazi inaendelea ndani. Wako wanaomeza Diamox kwa ushauri wa daktari, nayo husaidia figo kuharakisha. Lakini figo bado zinataka siku zao, na chembe nyekundu za damu zinataka majuma, ambayo hakuna mgeni anayeyakaa mlimani.

Siku ya tatu ilinionyesha ufundi huu waziwazi. Tulipanda mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, tukala chakula cha mchana pale wengine wakishika vichwa, kisha tukashuka zaidi ya mita 600 kwenda kulala Barranco. Mgeni asiyeelewa angesema tumepoteza siku: tumepanda mlima, tumeurudisha. Kumbe mwili ulikuwa umeonyeshwa kinachokuja, ukaogopa, kisha ukapewa usiku wa kujipanga. Panda juu, lala chini. Hili waongozaji walilijua kwa macho yao, kwa kuwaona waliofika na waliorudishwa.

Hata historia ya mlima huu naisoma hivyo. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa na barafu akiwa na vifaa haba. Mwaka 1889 alirudi na mpanda milima Mwaustria, Ludwig Purtscheller, na safari hiyo alibadilisha mpango mzima: kambi kwa hatua, moja juu ya nyingine, na wapagazi wakipandisha chakula kwa zamu ili wale wawili waweze kukaa juu kwa siku nyingi, wajaribu, washindwe, wajaribu tena. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka kwa kuchonga ngazi kwenye barafu, wakageuka. Walipumzika, wakarudi tarehe 6, ngazi zao zikiwa bado zipo, wakafika. Tanzania inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama mwongozaji wa msafara ule. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa Pwani, humkumbuka pia Mwini Amani, mpagazi kutoka Pangani, aliyebaki katika kambi ya juu pamoja nao, kwenye baridi ambayo hakuna mtu wa Pangani aliyezaliwa nayo, akiwatunzia moto na chakula. Kama hangekuwepo, jaribio la pili lisingekuwepo. Kazi aliyoifanya ndiyo ile ile niliyoiona Barafu.

Barafu ni kambi ya mwisho kwa wanaopanda upande huu wa kusini, karibu mita 4,670. Ni mgongo wa mawe tu, wenye upepo, na haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, nyuma, na kutoka Karanga mpaka Barafu ni mwendo wa saa kadhaa kwa mgeni asiyebeba kitu. Kila kikombe cha chai kinachonywewa Barafu, kila bakuli la supu, kila chupa inayojazwa kwa ajili ya usiku, imepandishwa kwa mabega na vichwa vya wagumu, kama wapagazi wanavyoitana wenyewe. Mizigo hupimwa langoni, kilo 20 kwa mtu, na vitu vyake binafsi juu yake. Nilipofika kambini nikiburuta miguu, vijana walionipita asubuhi walikuwa wameshasimamisha mahema, wameyafunga kwa mawe pande zote, na milango wameielekeza mbali na upepo. Mmoja alinipokea begi dogo mgongoni.

"Pole, dada. Karibu chai."

Alikuwa amebeba mara tatu ya nilichobeba mimi, na bado ndiye aliyenipa pole.

Jikoni, ndani ya hema la wapishi, nilikaa kwa ruhusa nikiangalia. Pale juu maji huchemka kwenye joto la kama nyuzi 84 tu. Yanatokota, yanafoka, lakini hayaivishi. Maharage yakiwekwa mabichi yatatokota mpaka gesi iishe nayo bado ni mawe. Kwa hiyo mpishi huyachemsha chini, huyapandisha yakiwa tayari, na juu huyapasha tu. Wali aliupika kwenye sufuria ya mvuke iliyobanwa mfuniko. Supu aliifanya nyepesi na yenye chumvi, kwa sababu mtu aliye juu hamu ya kula humtoka kabla njaa haijamtoka, na kitu kinachoteremka kooni bila kutafunwa ndicho kinachoingia. Alinionjesha, akanitazama usoni, akaongeza tangawizi. Alikuwa akimpikia mgonjwa ambaye bado hajaugua.

Saa kumi na moja jioni tulikula. Baada ya hapo mwongozaji aliingia hema hadi hema, na hapo ndipo niliona ustadi wake wote umekusanyika mahali padogo. Alimvisha kila mtu kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, akaandika namba kwenye daftari. Lakini niligundua kwamba akishaiandika namba haitazami tena; anamtazama mtu. Aliuliza swali lisilohusu mlima. Kwa mama mmoja mtu mzima wa kundi letu aliuliza, "Mama, watoto wako wanaitwa nani, kuanzia wa kwanza?" Alisikiliza majina, na zaidi ya majina alisikiliza yanavyotoka: yamefuatana au yamekwama. Ubongo unaovimba kwa kukosa oksijeni huanza kwa kukwama hivyo. Kisha alimwomba asimame atembee hatua chache, kisigino mbele ya kidole, kwenye mstari. Alitembea vizuri. Akamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Halafu vifaa. Alitaka vyote viwekwe juu ya mkeka, kwa mpangilio wa kuvaliwa: cha kwanza mwilini kiwe cha kwanza mkononi. Betri za tochi ya kichwani aliziagiza zilale ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, kwa kuwa baridi huzinyonya. Soksi za usiku zilale hapo hapo. Chupa za maji zilijazwa maji ya moto, zikavishwa soksi, na aliposhika yangu akaigeuza, mdomo chini, ndipo akaipachika mfukoni mwa begi. Maji huanza kuganda kwa juu. Chupa iliyosimama wima huziba mdomo kwanza, na mtu ana maji asiyoweza kuyanywa. Iliyogeuzwa hugandia kitakoni, na mdomo hubaki wazi. Mrija wa kunywea aliukataa. Ungeganda kabla ya saa nane usiku. Kamba za viatu alizilegeza na kuzifunga upya mwenyewe, mkazo kwenye kifundo, nafasi kwenye vidole, akapitisha kidole chake kuhakikisha. Nikamwambia najua kufunga viatu. Akasema anajua kwamba najua, na akaendelea kufunga.

Ilinijia kumfikiria Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Tunamkumbuka kwa alichokisimika. Na yeye lazima alikuwa na jioni yake kama hii, na mikono ya watu wengine kwenye kamba zake.

Tuliamshwa saa tano usiku kwa chai na biskuti. Saa sita tukaondoka. Nilikuwa nimedhani usiku huchaguliwa kwa ajili ya mawio peke yake. Mawio ni sehemu tu. Ule mteremko wa changarawe chini ya Stella Point usiku huganda na kushika mguu. Mchana hulainika na kurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Tena mawingu hupenda kupanda baada ya jua kukolea, na anayefika asubuhi ana mchana mzima mbele yake wa kushukia akiona njia.

Mwongozaji alitangulia. Nilikuwa wa pili, nikitazama visigino vyake kwenye mwanga wa tochi yangu kwa saa sita, kwa hiyo hili naweza kulieleza kwa uhakika. Aliweka unyayo mzima chini, hakukanyagia vidole. Mguu wa nyuma aliunyoosha mpaka goti likafunga, na kwa nukta moja uzito wote ukakaa kwenye mfupa, misuli ikapumzika. Kisha pumzi. Kisha mguu mwingine. Mwendo ulikuwa wa polepole kiasi kwamba mwanzoni nilitaka kumsukuma. Baada ya saa mbili tuliwapita watu wa kundi jingine waliokuwa wametupita wakienda haraka. Walikuwa wameketi kwenye mawe, wameinama. Yeye hakugeuka kuwatazama, alisema tu, "Poleni sana, wapendwa," na mwendo haukubadilika hata kidogo. Kuushika mwendo mmoja gizani, kwenye upepo, kwa saa sita, huku ukisikiliza pumzi za watu wanane nyuma yako na kujua kwa sauti ni nani anachoka, ni kazi ya miaka mingi. Alijua kuhusu kijana aliyekuwa wa sita kabla kijana mwenyewe hajajua.

Alisimama, akarudi nyuma mpaka kwake. Akamwuliza jina la mtaa anaokaa Dar es Salaam. Kijana, mtu wa Kimara maisha yake yote, alifikiri kwa muda mrefu mno. Mwongozaji alimshika bega, akazungumza naye kwa sauti ya chini, bila haraka, kana kwamba hatukuwa kwenye upepo wa kukata masikio. Hakumwambia ameshindwa. Alimwambia kazi ya leo imeisha. Msaidizi wake akamchukua na kuanza kushuka naye papo hapo, kwa kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na dakika zina thamani. Wakati tunafika Stella Point na mashariki inaanza kupauka, yule kijana alikuwa Barafu anakunywa uji, akiwa na kumbukumbu zake zote. Naiona hii kuwa sehemu ngumu kuliko zote za ufundi huu: mgeni amelipa, ameota, amewaaga ndugu, na mtu mmoja anatakiwa kumgeuza gizani na kuwa sahihi.

Kwa anayefikiria kwenda, miezi mizuri ni Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, na Juni mpaka Oktoba. Watanzania hulipa ada ya hifadhi kwa shilingi, chini mno ya wageni wa nje, kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie mlima huu si wako. Unapochagua kampuni, bei iulize mwishoni. Anza na idadi ya siku, na ukiweza ongeza siku moja juu ya ile wanayokupa, uilale Karanga, au Horombo kwa wanaopita njia ya Marangu. Uliza waongozaji ni wangapi kwa kundi lako, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wabaki. Uliza wapagazi wanakula mara ngapi kwa siku, wanalala kwenye hema la nani, na wanalipwa lini. Kampuni inayojua majibu hayo bila kupiga simu ofisini, panda nayo.